Gramafoni Iliyopelekwa Kutengenezwa

Jumatatu, 6 Machi 2006

Tobias ameleta gramafoni tatu zaidi na duka lote linanuka vanishi. Nimeacha mlango wa mbele na dirisha la nyuma wazi tangu saa tatu asubuhi, na bado macho yananiwasha. Niliigusa ya kwanza, kidole kikanata. Mtu huyu ni fundi wa majeneza, ana karakana Dagoretti karibu na kichinjio, na kila kinachopita mikononi mwake hutoka kinang'aa kama jeneza la tajiri. Masanduku ni ya mbao mpya. Mapembe ya shaba yametoka India, yamefungwa kwa magazeti ya huko. Kitu cha kale kilichomo ni mashine tu, na hizo hutolewa kwenye gramafoni mbovu ambazo bosi wangu, Mungai, mwenye duka hili la vitu vya kale, hununua mashambani.

Nikaambiwa niandike kadi. Mwandiko wangu ndio ulionipa kazi hii, miaka sita sasa. Nimeandika kwa Kiingereza, kwa wino mweusi, kwamba ni gramafoni halisi ya mwaka 1912, imerekebishwa kitaalamu. Nilimuuliza Mungai hiyo 1912 imetoka wapi. Akasema wateja hawapendi kusikia "labda".

Baba yangu, Ndeti, alitengeneza cherehani, saa na gramafoni pale Tala kwa miaka thelathini, na mimi ndiye niliyekaa kando yake kumshikia skrubu. Angeziona hizi angekosa la kusema. Mimi nimeziandikia kadi.

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Hakuna aliyeingia isipokuwa watu wawili wa kujikinga.

Jumanne, 14 Machi

Yule mzee wa Mutuini amekuja tena. Anaitwa Gerishon Muigai. Januari alituletea gramafoni ya baba yake, ile aina ya sanduku isiyo na pembe, tuirekebishe springi. Kila Jumanne huja kuuliza. Husimama mlangoni mpaka koti liishe kutiririka maji, hunivulia kofia, kisha huuliza swali lilelile kwa sauti ileile. Nami humjibu nilivyoambiwa na Mungai: springi imeagizwa ng'ambo, tunaisubiri. Anasema asante, anavaa kofia, anaondoka. Angekasirika hata mara moja ningepumua. Ile asante yake inanichosha kuliko matusi.

Alhamisi, 16 Machi

Imeuzwa moja. Mteja ni dada mmoja anaitwa Debra, anafanya kazi benki, anamtafutia baba yake zawadi ya kustaafu. Mungai alimsimulia habari ya mlowezi wa Limuru aliyekuwa akiicheza barazani jioni, mpaka alipouza shamba na kurudi kwao. Sijawahi kuisikia habari hiyo, na nadhani Mungai naye alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Debra alinigeukia akaniuliza kama kweli ni nzuri. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeandika anwani ya kuipeleka, Lavington. Aliondoka akiwa na furaha. Vanishi ilikuwa imekauka angalau.

Jumanne, 21 Machi

Mzee Gerishon. Springi. Asante.

Jumanne, 28 Machi

Leo hakuondoka. Aliomba kukaa, na kwa vile mvua ilikuwa inapiga mpaka ndani ya kizingiti nikampa kiti. Akaniambia kwa nini anatuhangaisha.

Baba yao alipofariki, shamba la Mutuini na nyumba vilimwendea yeye, mwana wa kiume. Dada yake, Nyokabi, wakati huo alikuwa ameachana na mumewe na amerudi nyumbani. Hakupewa hata kipande cha kujengea. Kitu pekee ambacho baba yao alitamka kuwa ni cha wote wawili ni gramafoni. Kwa hiyo inahama: mwaka mmoja inakaa kwa Gerishon, mwaka unaofuata kwa Nyokabi, na siku ya kuhama ni Jumatatu ya Pasaka. Wamefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mwaka huu ni zamu ya Nyokabi. Springi ilikatika mikononi mwa Gerishon, akaona aibu kumpelekea dada yake kitu kibovu.

Nikamwambia itakuwa tayari kabla ya Pasaka. Sijui nilisema hivyo kwa nini. Nadhani nilitaka aondoke, na pia nilitaka iwe kweli.

Alipotoka nilimuuliza Mungai hiyo springi imefika wapi. Alikuwa na simu sikioni, akanipungia mkono.

Jumamosi, 1 Aprili

Mungai amenituma kwa Tobias nimharakishe, kuna hoteli inataka gramafoni nne za kupamba mapokezi. Nilifika karakana nikiwa na tope mpaka magotini. Tobias alifurahi kuniona. Ni mwanamume mkubwa, mpole wa mikono, na alinipangusia benchi kwa shati lake mwenyewe, jambo lililoniudhi kwa sababu nilikuja nimejiandaa kumdharau.

Akaanza kunionyesha kazi. Anapaka vanishi mara sita, akipiga msasa kila mara. Nikamuuliza ndani ya mashine hutia nini. Akaniletea mkebe wa grisi ya magurudumu ya lori. Nikamuuliza kama amewahi kuisikia gramafoni ikiimba. Akasema hapana, hapo hana santuri, huwa anaitia ufunguo tu aone kama inazunguka. Nilikuwa natafuta maneno ya kumjibu, ndipo nikaliona sanduku chini ya benchi.

Lilikuwa sanduku la gramafoni, jeusi, kifuniko wazi, na ndani limejaa misumari na vishikio vya majeneza. Upande wa ndani wa kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa chuma cha moto: MUIGAI 1951.

Nikamuuliza Tobias ametoa wapi. Akasema lilikuja Januari na vingine vibovu. Mashine alitoa, mkono na kichwa cha sindano akatoa, akavitia kwenye ile yenye pembe lililobonyea kidogo ukingoni. Anaikumbuka kwa sababu matundu ya skrubu hayakulingana, ikabidi atoboe mapya.

Mimi naikumbuka kwa sababu niliifunga mwenyewe, nikazungushia kitambaa palipobonyea. Ndiyo aliyonunua Debra.

"Tobias," nikasema, "hii haikuwa ya kuuza. Ililetwa kutengenezwa. Mwenyewe anakuja kuiulizia kila wiki."

Aliketi juu ya jeneza lililokuwa bado halijafungwa kifuniko. Akasema Mungai alimwambia zote ni zake, amezinunua. Alilirudia hilo mara tatu. Kisha akaanza kutoa misumari sandukuni, mmoja mmoja, kana kwamba akimaliza kuitoa kitu kitakuwa kimerudi.

Nimerudi nyumbani Dagoretti Corner nikiwa na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Nilitaka sana iwe ya Tobias.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimemwambia Mungai yote. Hakukana hata. Alisema ile gramafoni ilikuwa kuukuu, mzee angeitupa, na kwamba tutampa mpya yenye pembe na atatushukuru. Nikamwambia kuna dada anayengoja ileile. Akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa ukoo wa watu wa Mutuini. Kisha akaniletea kadi nne tupu za ile hoteli. Nikaziandika. Moja nimeiharibu makusudi, nikaandika nyingine.

Jumanne, 4 Aprili

Mzee Gerishon amekuja. Nimemwambia springi haijafika. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba siku hiyo sikuwa nikijua.

Jumanne, 11 Aprili

Mungai alimngoja mwenyewe leo. Alikuwa ameweka moja ya zile mpya mezani, pembe likiwaka kama sufuria ya harusi, na akamwambia mzee kwamba kwa sababu ya kuchelewa duka limeamua kumpa hii, ambayo ni bora mara mbili. Mzee aliizunguka. Akainama, akainusa.

"Hii si ya baba yangu," akasema.

Mungai akaeleza tena, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Mzee akasubiri amalize, akasema atakuja Jumanne ijayo, asante. Mungai akanitazama akitaka tucheke pamoja. Nikaenda kufuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Jumatatu, 17 Aprili

Pasaka. Mvua tangu alfajiri, barabara ya mbele imegeuka mto. Nimefua, nguo hazikauki. Siku nzima nimekuwa nikiona mlango fulani ukigongwa na mtu aliyekuja mikono mitupu.

Jumanne, 18 Aprili

Hakuja Gerishon. Alikuja Nyokabi.

Ni mwanamke mfupi, miaka sitini hivi, buti za mpira, kikoti cha chama cha akina mama wa kanisa. Anauza mboga soko la Dagoretti. Hakusimama mlangoni kujikung'uta maji. Aliingia moja kwa moja mpaka mezani kwa Mungai, akasalimia, akauliza kama ndugu yake aliuza gramafoni hapa.

Mungai akamwita mama, akamwambia iko kwa fundi.

"Hiyo ndiyo Gerishon ananiambia tangu Januari," akasema. "Shamba ni yake. Nyumba ni yake. Miti yote ni yake. Mimi nilipewa nusu ya gramafoni. Sasa nimekuja kuona nusu yangu."

Mungai akaanza habari ya ng'ambo na springi na mvua kuchelewesha mizigo. Aliongea vizuri, kama kawaida. Nilikuwa nimesimama na kadi mkononi, na niliona uso wa yule mama ukitulia, si kwa kuamini, bali kwa kupata alichokuwa anakitafuta: kwamba ndugu yake ni mwongo na ana wenzake. Angeondoka hapo na hilo moyoni mpaka siku ya kuzikwa mmoja wao.

"Mama, ndugu yako hakuuza," nikasema. "Sisi ndio tuliuza. Tuliivunja tukatoa mashine, tukaitia kwenye nyingine. Yeye bado hajui. Kila Jumanne anakuja na tunamdanganya."

Mteja mmoja aliyekuwa akitazama saa za ukutani akatoka nje taratibu. Nyokabi akaketi kwenye kiti kilicho karibu, ambacho kilikuwa na kadi yangu inayosema kilitoka ikulu ya gavana, na hakikutoka.

"Jana nilimwita mwizi," akasema. "Mbele ya watoto wake na mchungaji. Hakunijibu. Nikasema ona, hata hajibu."

Kisha akainuka, akafunga kikoti chake, akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Kavutha. Akatikisa kichwa kama mtu anayeliweka mahali, akaondoka.

Mungai hakupaza sauti. Alinyoosha mkono akaomba funguo. Nilipokuwa nikizitoa kwenye pochi alisema angenielewa kama ningemwibia, lakini hili halielewi. Miaka sita, na nadhani hilo ndilo jambo la ukweli zaidi alilowahi kuniambia.

Alhamisi, 20 Aprili

Sina kazi. Paa linavuja juu ya kabati. Ndugu yangu Kivuva amepiga simu kutoka Tala kuniambia nimefanya ujinga, na baada ya dakika kumi akapiga tena kuniambia baba angefanya vilevile. Kivuva angechagua moja.

Jumamosi, 29 Aprili

Imenichukua wiki moja na zaidi kupata ujasiri. Leo nimeenda Lavington.

Debra mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Nilimweleza pale pale nje, nikiwa nimeshika mwavuli, kwa sababu nilijua nikiingia na kupewa chai nitashindwa. Nilimwambia sanduku ni la mbao mpya, pembe ni jipya, mwaka 1912 ni wa uongo, na mashine iliyo ndani ni ya mzee mmoja wa Mutuini na dada yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye nilikuuliza," akasema. "Yule mwanaume nilijua anauza. Nilikuuliza wewe, na ukaitikia."

Nimezunguka na maneno hayo siku nzima.

Akaniingiza ndani. Baba yake, Mzee Musili, alikuwa sebuleni na gramafoni imewekwa mahali pa heshima, juu ya kitambaa cha kufuma. Debra alitaka kuniacha nimwambie mwenyewe, kama adhabu, na nikamwambia. Mzee huyu alifanya kazi serikalini miaka mingi, na alinisikiliza kama anayesoma faili. Kisha akaniletea santuri tatu nizitazame. Mistari ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Ilikuwa inazila," akasema. "Nilijua tu iko na shida. Sikutaka kumwambia Debra, alifurahi sana kuninunulia."

Debra akageuka akatazama dirishani.

Nikamweleza kwamba mkono umefungwa vibaya na unailemea sindano, na kwamba kila wimbo anaoucheza unafutika kidogo kidogo. Nikamuomba mashine, mkono na kile kichwa. Alifikiri. Akaniuliza kama anaweza kubaki na pembe. Nikasema pembe si la mtu, ni lake. Akasema basi sawa, wageni wanalipenda, na hakuna anayekuja kwake kusikiliza muziki hata hivyo.

Debra alinisindikiza mpaka getini, nikiwa nimebeba vipande hivyo kwenye mfuko. Amesema yeye na wakili wake wataenda kumsalimia Mungai. Hakuniaga vizuri, wala sikutegemea.

Jumatatu, 1 Mei

Nimeenda Mutuini kumwambia Mzee Gerishon kwa mdomo wangu. Alikuwa akichimba mfereji wa maji kando ya nyumba. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Dada yake hajamwambia chochote, hawajaongea tangu Pasaka. Nilipomaliza akaniuliza itakuwa tayari lini. Hakusema asante. Nimeshusha pumzi njia nzima ya kurudi.

Jumamosi, 6 Mei

Karakana ya Tobias. Amenipa nusu ya benchi, jeneza upande wake, mashine upande wangu. Nimeifungua na nimekaa nikiitazama kwa muda. Grisi imeganda kama ugali wa juzi. Matundu mapya yametobolewa palipo karibu kabisa na yale ya zamani. Springi ziko mbili: ya pili ndiyo iliyokuwa ikiizungusha peke yake, na ile ya kwanza imekatika ncha ya ndani, kama mzee alivyosema, na hakuna aliyewahi kuigusa. Mtu angeweza kuitengeneza Januari kwa siku moja.

Nimeosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Tobias ameuliza kama alipake sanduku vanishi. Nimesema hapana.

Jumapili, 7 Mei

Kanisani. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa, mwenzangu wa benchi amesogea.

Jumamosi, 13 Mei

Springi. Lazima uitoe yote, mita kadhaa za chuma zinazotaka kukurukia usoni, uipashe ncha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, uitoboe upya, uirudishe ndani ukiikunja kwa mkono. Baba alivaa glavu za ngozi. Mimi nilivaa soksi. Imenikata kiganja, na Tobias ndiye aliyenifunga kwa kitambaa cheupe cha kutandika majeneza. Nilimwambia niko sawa. Akasema mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo kila mara alipoumia, na akaendelea kufunga.

Amejifunza haraka. Anaziba yale matundu aliyotoboa, na ameniuliza sababu ya kila kitu, mpaka nimechoka kujibu. Wakati mmoja nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakuwahi kumuuliza Mungai hata moja ya maswali haya. Akasema alimuuliza. Akaambiwa apake vanishi.

Ameuliza tena kuhusu sanduku. Hapana.

Ijumaa, 19 Mei

Imezunguka. Tobias aliazima santuri kwa mama mmoja jirani anayeitwa Peres, wimbo wa gitaa wa zamani. Nilishusha sindano. Ilikwaruza, kisha mtu akaanza kuimba ndani ya lile sanduku. Tobias aliacha randa chini. Alisikiliza mpaka mwisho amesimama, mabega yamejaa vumbi la mbao, kisha akaniuliza ni gramafoni ngapi amemtengenezea Mungai zikiwa haziwezi kufanya hivi. Nikamwambia kwa hesabu ya kadi zangu ni ishirini na sita. Akasema yeye zake atazitafuta. Sijui atazitafuta vipi. Nadhani nitalazimika kumsaidia, na hilo limeniudhi kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 21 Mei

Jua, la kwanza wiki hii.

Mzee Gerishon alikuja karakana baada ya ibada, amevaa suti. Alifungua kifuniko, akapitisha kidole juu ya jina la baba yake, akafunga. Hakukubali yeyote ambebee. Tulitembea naye, mimi na Tobias nyuma, mpaka kwenye chumba anachopanga Nyokabi nyuma ya soko.

Nyokabi alifungua mlango. Walisalimiana kama watu wa ofisi. Gerishon akaiweka mezani, kati ya sufuria na Biblia, akaitia ufunguo, akaweka santuri, akashusha sindano. Ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kidogo tu, jambo ambalo mimi peke yangu nililisikia. Nilikunja mikono nisiiguse.

Wimbo ulipokwisha Nyokabi alianza kusema juu ya Pasaka, mbele ya watoto na mchungaji. Gerishon akamkatiza.

"Nyokabi, kaa nayo," akasema. "Isirudi kwangu. Mimi nilipewa mengine yote. Nimekaa na hilo jambo miaka kumi na tisa na sikuwahi kusema."

Nyokabi alichukua kitambaa, akafuta mahali ambapo maji ya sufuria yalikuwa yameingia chini ya sanduku.

"Hilo la shamba tutaliongea," akasema. "Usidhani umelimaliza na hii. Lakini gramafoni Pasaka itarudi kwako kama kawaida. Ikikaa hapa, wewe utakuja kwangu kufanya nini?"

Gerishon alivua kofia, ingawa tulikuwa ndani muda wote na angekuwa ameivua zamani. Nyokabi akavuta kiti, akaketi karibu na meza, akamwambia ageuze santuri upande wa pili.